Kunguru na Koo la Pili

6 Juni

Watu wa hali ya hewa wametangaza leo kwamba msimu wa mvua umeingia rasmi hapa Osaka, kana kwamba suruali yangu haikuwa imeshanitangazia tangu juzi. Nimenunua daftari hili ili siku watu watakapouliza Onishi Gozo aliwezaje, jibu liwepo, tena kwa mwandiko wake mwenyewe.

Kazi ni hii. Okestra ya ridhaa ya Sakai, watu sabini, pamoja na kwaya ya kina mama wa mtaani, watu hamsini, wataupiga na kuuimba muziki wa gemu ya zamani iitwayo Kuro wa Mapaa. Tarehe 19 Julai, ukumbi wa jiji, viti elfu moja na mia moja, na vyote vimeshagawiwa kwa bahati nasibu. Gemu ilitoka mwaka 1988. Kuro ni mfagia dohani mdogo, mweusi kwa masizi, anaruka kutoka paa hadi paa. Kila mwanamume wa hapa mwenye kitambi leo, utotoni alichapwa na mama yake kwa sababu ya Kuro.

Mashine za gemu za wakati ule zilikuwa na makoo matatu ya kuimbia na la nne la kukohoa tu. Makoo matatu! Mimi nayageuza kuwa watu mia na ishirini. Hakuna mwingine mjini hapa anayeweza, na sisemi hivyo kwa majivuno, nasema kwa kuwa nimewasikia hao wengine. Shule ya muziki niliiacha mwaka wa pili, au yenyewe iliniacha, lakini nimepiga tromboni kwenye meli za watalii miaka kumi na tisa. Aleksandria nilipanga muziki wa harusi kwa bendi isiyosoma nota na ukumbi mzima ulilia. Bibi harusi naye alilia, ingawa wanasema alikuwa na sababu zake.

Katibu wa okestra ni Minobe wa idara ya maji, mtu anayeongea muda wote kama anayeomba radhi kwa bomba lililopasuka. Aliniambia anawajua vijana wanaoweza kuutoa muziki ndani ya mashine koo kwa koo, safi kabisa, maana rekodi haijawahi kuuzwa. Nikashika masikio yangu nikamwonyesha. Mashine ni hizi hapa, nikasema. Nitaicheza gemu mwenyewe na kuandika ninachosikia.

7 Juni

Mvua. Kunguru amenichukua mara arobaini na moja.

8 Juni

Nieleze habari za huyu kunguru, maana ananitia wazimu. Kuro akisimama tuli sekunde tano, kunguru anashuka kutoka mbinguni na kumbeba, basi umekufa. Kwa hiyo huwezi kutulia ukasikiliza. Lazima uruke, na kila ukiruka mashine inalia pyui. Pyui, pyui, kutwa nzima. Nausikiliza wimbo kama mtu anayesikiliza redio ya jirani huku jirani mwenyewe anakaanga samaki.

11 Juni

Nimemaliza. Siku tatu! Wimbo mkuu nimewapa honi, besi nimewapa selo na fidla kubwa kabisa. Koo la pili lilikuwa vipande vipande, noti moja hapa, mbili kule, nikaona ni pambo tu, nikaliziba kwa vinubi. Kwaya nimeitungia maneno ya lugha isiyokuwepo, yanayosikika kama sala ya watu wa kale. Na mwisho! Ngoma kubwa nne, ala zote za shaba, kwaya yote juu kabisa, kwa hatua nane za muziki. Watu watatoka ukumbini wakipepesuka.

14 Juni

Mazoezi ya kwanza. Anayeongoza okestra ni Daktari Sawa, daktari wa meno, na anapiga mkono hewani kama anayemwambia mgonjwa afungue mdomo zaidi. Kabla ya mazoezi kulikuwa na kikao. Baada ya mazoezi kulikuwa na kikao cha kupanga kikao.

Bi Fusae, anayeongoza kwaya na kuuza kachumbari sokoni, alinifuata na karatasi zake mkononi. "Mzee Gozo, hebu nielimishe," akasema. "Wanawake wangu wa alto wanaimba noti moja kurasa nne. Wamekukosea nini?"

Nikamweleza kuwa alto ni kama unga kwenye chapati ya kabichi, hauonekani lakini ukikosekana yote yanamwagika. Akaniambia yeye hajapanda treni kutoka upande wa pili wa mji kuja kuwa unga.

15 Juni

Mvua. Viatu vimeota ukungu, jozi zote nne.

17 Juni

Faksi yangu, ambayo watu wote wananicheka kwa sababu bado ninayo, leo imetoa kurasa tano. Zinatoka kwa Bi Tsukamoto Sayoko wa Izumisano, mtunzi wa muziki wenyewe. Kampuni ya gemu ilikufa zamani na haki zote zikamrudia yeye, ndiyo maana Minobe alimpelekea nota zangu. Nilitegemea shukrani. Kumbe ni nambari tu! Safu kwa safu za nambari na herufi, ukurasa mzima, kama risiti ya umeme ya kiwanda. Juu kaandika sentensi moja kwa mkono: "Na hili liko wapi?"

Liko wapi nini, mama? Nikadhani mashine yake imeharibika au yeye. Nimezikunjakunja kurasa zote nikazisokomeza ndani ya viatu vinyonye maji. Gazeti lilikuwa limekwisha.

20 Juni

Faksi tena. Kurasa nne, nambari zilezile, sentensi ileile. Viatu vinaendelea vizuri.

21 Juni

Mvua.

22 Juni

Kurasa tatu. Safari hii "hili" kapigia mstari. Jozi zote nne sasa zimejaa.

25 Juni

Minobe alikuja kwangu asubuhi, mwavuli umepinda, uso umepinda zaidi. Bi Tsukamoto amekataa kugonga muhuri kwenye barua ya ruhusa. Bila muhuri ule mwekundu hakuna tamasha. Nchi hii bila muhuri hata kufa hakukubaliki. Viti elfu moja na mia moja, watu wameshaomba likizo, wapo wanaotoka Hokkaido kwa ndege.

Akaniuliza kwa upole wake wa bomba kama nilimjibu faksi zake. Nikamwambia mimi sijibu nambari. Akaketi ngazini, akameza kidonge cha tumbo bila maji. Ndipo nikaogopa. Ningependa anitukane.

"Mzee Gozo," akasema mwisho, "ulitwambia masikio yako yanatosha. Tukakuamini wote."

Nilimpa chai. Nilimpa na mwavuli wangu mzuri. Kesho naenda Izumisano.

26 Juni

Naandika haya na uso bado unawaka.

Kwa Bi Tsukamoto ni duka la taulo, na nyumba iko nyuma yake. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mfupi, nywele kijivu zimekatwa kama kwa rula. Alinikaribisha kwa heshima zote. Nikavua viatu mlangoni, vimelowa chapachapa, nikapanda sakafuni, naye akapiga magoti nyuma yangu kama mwenyeji yeyote mwungwana, avigeuze vielekee nje. Akasema vimelowa mno, angevitilia karatasi. Akaingiza mkono kwenye kiatu cha kushoto. Akatoa karatasi.

Niliitambua kabla hajaifungua. Nilikuwa nimeisahau huko mbele vidoleni tangu juzi, na nilikuwa nimeikanyaga kuanzia Sakai hadi pale.

Akaikunjua taratibu juu ya goti. Nambari zake. Mwandiko wake.

"Ukurasa wa tatu," akasema.

Mimi niliyekula na mabalozi, niliyewachekesha askari wa forodha wa bandari kumi na nne, nilijitetea kama mtoto. Nilisema tu kwamba gazeti lilikuwa limekwisha.

"Nimezaliwa kwenye nyumba ya taulo, Bwana Onishi," akasema. "Kitu kinachonyonya maji sikidharau. Zingine ziko wapi?"

Nikasema ziko kwenye viatu vingine. Akaingia ndani kuweka maji ya chai, nikaona mabega yake yanatikisika, na mpaka sasa sijui alikuwa analia au anacheka.

Tulipoketi akanieleza kama anayemweleza mtoto. Siku zile hawakuwa na nota. Muziki waliingiza kwenye mashine kwa nambari, kila noti nambari yake, kila urefu nambari yake, na zile kurasa zilikuwa koo la pili, lote, mwanzo hadi mwisho. Lile nililoliita pambo. Mashine ilikuwa na makoo matatu tu, na Kuro akiruka, sauti ya kuruka lazima itoke mahali. Inalipora koo la pili. Kila pyui inaumeza wimbo wake. Na kwa kuwa kunguru hakuruhusu usimame, hakuna mchezaji aliyewahi kulisikia lote. Vijana wa Minobe wangelitoa zima kwa mchana mmoja. Mimi niliandika matobo.

Akafungua kinanda kidogo kando ya makasha ya taulo akalipiga. Nimepiga muziki maishani mwangu, mzuri na wa kipuuzi, najua tofauti. Ni wimbo wa chinichini, unapanda kidogo, unasita, unashuka kama mtu anayekunja kitu kikubwa na kukiweka juu ya kingine. Nikamwuliza ni nini.

Mama yake alikuwa mfumaji kiwandani, miaka thelathini na sita. Mashine zile zilikuwa na kelele hata usisikie sauti yako, na mama alikuwa akiuguna wimbo huo, midomo imefungwa, chini ya kelele, wake mwenyewe, hakuna aliyemfundisha. Binti akauweka kwenye gemu. Mwaka Mpya wa 1989 wakakaa miguu chini ya blanketi la meza ya joto, mama akashika pedi ya kuchezea gemu, akaambiwa wimbo wako umo humu.

"Akasema hasikii kitu," Bi Tsukamoto akaniambia. "Nikamwambia, mama, usiruke. Akatulia. Kunguru akamchukua kabla hajautambua." Akafunga kinanda. "Alijaribu mara nyingi. Kisha akasema labda nilimtania. Alifariki mwezi wa tatu."

Akaendelea kunimiminia chai. Akasema yeye haombi mengi. Muhuri ataugonga siku atakapolisikia koo la pili likiimbwa na watu, wazi, bila kitu juu yake.

Nilipotoka, viatu vyangu vilikuwa vimetiwa vipande vya taulo mpya.

27 Juni

Nimezitoa zote viatuni, nimezipiga pasi kwa taulo juu yake. Faksi yangu ni ya karatasi ile inayoogopa joto, na kurasa mbili zikageuka nyeusi tii mbele ya macho yangu. Onishi Gozo, bwana wa bahari saba! Nikampigia simu. Akanisomea nambari dakika hamsini. Kila nilipokosea alisema "rudia", bila hasira, na ningependelea hasira.

30 Juni

Kurasa sitini na nne naziandika upya. Vinubi nimevifukuza. Lugha yangu ya watu wa kale nimeifukuza pia, kwa sababu kumbe niliitunga ili kufunika tobo. Koo la pili nawapa alto. Wataguna tu, midomo imefungwa.

4 Julai

Mvua, ya kunyesha kwa upande.

5 Julai

Mazoezi. Daktari Sawa amenijia juu mbele ya watu kwamba wimbo wa pili unagombana na honi zake katika hatua ya ishirini. Nikamwambia honi zake zipunguze. Akasema katika miaka kumi na mbili hajawahi kumwambia mtu wa honi apunguze. Nikamwambia ilionekana.

Ila wanawake wa alto! Niliwaeleza habari za mama wa kiwandani, kwa kifupi, bila kuongeza chumvi, jambo lililonigharimu sana. Mmoja wao, mama mnene wa duka la baiskeli, akasema yeye huguna hivyohivyo akijaza matairi upepo. Bi Fusae akanitazama muda. "Kwa hiyo sisi siyo unga tena," akasema. Nikamwambia nyinyi ndiyo chapati. Akasema nisizidishe.

9 Julai

Mvua. Minobe ameniletea viatu vya mpira. Simstahili.

12 Julai

Bi Tsukamoto amekuja mazoezini, muhuri kwenye mkoba mdogo, akaketi safu ya tano mikono mapajani. Koo la pili lilipoingia alifumba macho. Nilijua nimeshinda. Kisha ukaja mwisho wangu, ngoma kubwa nne, shaba zote, hatua nane za radi.

Akainuka, akaja hadi mbele.

"Zile ngoma za mwisho," akaniuliza. "Nani amefariki?"

Watu wa fidla wakacheka puani. Akasema hajauandika muziki uishe. Ukifika mwisho unarudi mwanzo, unazunguka, na wimbo wa mama hukatwa na pyui au na kunguru, hivyo yeye hajawahi kuusikia umefika mahali ukapumzika. Na mimi, hapohapo ulipokaribia kupumzika, nimeuangushia kabati la shaba. Koo la pili limezibwa mwishoni vilevile kama mwanzo. Muhuri atakuja nao asubuhi ya tarehe 19, atasikiliza mara moja, basi.

Minobe alimeza vidonge viwili.

13 Julai

Nimekasirika na nina haki. Nimekasirikia wanawake wa taulo, madaktari wa meno, mvua, mwaka 1988. Muziki lazima uishe! Ukipunguza sauti polepole kama redio inayoishiwa betri, watu mia na ishirini wanaonekana wamechoka. Ukirudia mwanzo, utarudia mpaka mlinzi wa ukumbi aje na funguo. Ukikata ghafla, watu watadhani Sawa ameanguka. Ule mwisho wangu ulikuwa mzuri. Aleksandria wangenibeba mabegani.

14 Julai

Mwisho ulikuwa mbaya. Naandika hapa tu na sitalirudia kwa mdomo.

15 Julai

Nilikuwa nacheza gemu mchana, huku nakula, nikaweka pedi chini ili nimwagie mchuzi kwenye tambi. Kuro akasimama paani. Hakuna pyui. Na pale, sekunde tano, koo la pili likatoka bila kukatwa, wazi, kabla kunguru hajashuka. Siku zote lilikuwa pale. Nilihitaji tu kuacha kuruka.

Tambi zikapoa. Nimefuta hatua zangu nane. Sasa hivi: wapigaji wote wanaacha, mmoja mmoja, mikono magotini, pinde chini. Sawa naye anashusha mkono, anasimama tuli. Wanabaki alto. Waimbe mpaka mwisho, kila mtu mwingine ukumbini asitikisike.

16 Julai

Bi Fusae: "Peke yetu? Bila soprano?"

"Bila hata mvua."

Daktari Sawa aliuliza yeye atafanya nini muda huo wote. Nikamwambia hicho ndicho kitakuwa kigumu kuliko vyote alivyowahi kuongoza. Nadhani alifurahi.

18 Julai

Wametangaza rasmi kwamba msimu wa mvua umekwisha. Imenyesha kutwa.

20 Julai

Jana.

Asubuhi alikuja, akasikiliza mara moja, kama alivyoahidi. Alimwomba Minobe mahali pagumu pa kugongea, na meza ilikuwa mbali, hivyo nikamletea sanduku la tromboni yangu. Akagonga muhuri juu yake. Minobe akainama kwa shukrani mpaka nikadhani ameangusha kitu.

Mchana nilikaa naye safu ya tano. Ukumbi umejaa vitambi na miwani, wengine na watoto wao. Honi zilikuwa kali, Sawa alipiga mkono kama kawaida, mtu wa ngoma alipitwa na hatua moja akarudi bila kuonekana, ila na mimi. Kisha wakaanza kuacha. Fidla, honi, selo. Sawa akashusha mkono. Alto peke yao wakawa wanaguna.

Mbele yangu alikaa mwanamume wa miaka hamsini hivi, suti nzuri. Nikaona vidole gumba vyake vimeanza kubonyeza magoti. Nikatazama kushoto, kulia. Safu nzima. Ukumbi mzima, vidole gumba vinabonyeza, watu wazima wanajaribu kumrusha Kuro, kwa sababu amesimama na wanajua kunguru yuko njiani. Nilihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Mtu wa suti akajishika mkono. Tano.

Alto wakaendelea. Sita. Saba. Mama wa baiskeli alikuwa na machozi hadi kidevuni na hakukosea hata noti. Wimbo ukapanda kidogo, ukasita, ukashuka, ukakunjwa, ukawekwa. Ukaisha.

Hakuna aliyepiga makofi. Vidole gumba vilikuwa vimetulia kila mahali.

Bi Tsukamoto alikuwa anatazama juu, darini, kwenye taa.

"Hakuja," akasema.

Nikamwambia hapana, Bi. Hakuja.